Herbert Baker alikuwa nani, na Ikulu ya Nairobi aliichora lini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa pili, mzaliwa wa Mombasa. Nimepewa insha kuhusu Sir Herbert Baker. Karibu kila ninaposoma naambiwa Ikulu ya Nairobi ilijengwa mwaka 1907 na kwamba ramani ni yake. Mhadhiri wetu anamsifu sana. Lakini binamu yangu anayefanya kazi London anasema kule jina hilo likitajwa watu hukumbuka jinsi alivyobomoa Benki ya Uingereza. Je, tarehe hiyo ni sahihi? Na huyu mtu nimwandike kama bingwa au kama mharibifu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na tarehe, maana hiyo inamalizika upesi. Mwaka 1907 Baker alikuwa Johannesburg, ofisi yake imejaa kazi za matajiri wa migodi ya dhahabu. Kazi za Kenya zilimfikia karibu miaka 20 baadaye, Sir Edward Grigg aliposhika ugavana mwaka 1925. Grigg alitaka majengo ya serikali yenye hadhi, akamwendea mtu aliyekuwa ameshajenga ofisi za serikali Pretoria na aliyekuwa bado kazini Delhi. Wakati huo Baker alikuwa amekwisha rudi Uingereza, na kazi ya Nairobi aliisimamia msaidizi wake, Jan Hoogterp. Kwa hiyo ukiona 1907 na Baker katika sentensi moja, jua mwandishi ameunganisha vitu viwili visivyohusiana. Usimnakili, hata kama wamemnakili kumi kabla yako.

Usimchanganye pia na J. H. Sinclair, yule Mwingereza mwingine aliyejenga Zanzibar kwa kuba na matao ya Kiarabu, akatuachia jumba la ukumbusho la Beit el Amani. Hao ni watu wawili, na namna zao za kufikiri ziko mbali kabisa.

Swali lako la pili ndilo linalohitaji tuketi. Baker alikuwa msikivu kuliko wasanifu wengi wa kizazi chake. Aliposikiliza kiwanja, mawe na mafundi, alijenga majengo ambayo hadi leo hayajazeeka. Aliposikiliza wenye nguvu peke yao, aliharibu. Mhadhiri wako na binamu yako wanazungumza habari za mtu yule yule.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1862, kijiji cha Cobham, mkoa wa Kent, Uingereza, katika nyumba ya familia inayoitwa Owletts. Hiyo ni nyumba ya tofali nyekundu ya karne ya 17, na nadhani ndiyo iliyomfundisha kwanza: alikulia ndani ya kuta nene zilizojengwa na mafundi waliojua kazi yao. Alijifunza usanifu kama walivyojifunza wengi wa zama zile, kwa kufanya kazi chini ya bwana, kwanza kwa binamu yake Arthur Baker, kisha katika ofisi ya Ernest George na Harold Peto mjini London. Ofisini humo alikutana na kijana mdogo kwake kwa miaka 7, mchangamfu, mwepesi wa kuchora kuliko wote, jina lake Edwin Lutyens. Walitembea pamoja mashambani kuangalia nyumba za zamani, wakawa marafiki. Liweke jina hilo akilini, tutalirudia.

Mwaka 1892 Baker alikwenda Cape, kusini kabisa mwa Afrika, kumwona kaka yake aliyekuwa ameanza kilimo cha matunda. Alikuta nyumba za Waholanzi wa zamani: kuta nyeupe za chokaa, paa la nyasi, baraza mbele ya mlango, na ile sehemu ya ukuta inayopanda juu ya mlango hadi kwenye paa ikiwa imepindwa kama wimbi. Watu wa mjini walikuwa wakizidharau nyumba hizo kama mambo ya kizamani. Baker alizipima na kuzichora. Mtu mmoja akaona kwamba yeye anaona, na mtu huyo alikuwa Cecil Rhodes.

Hapa insha yako isipite mbio. Rhodes alikuwa Waziri Mkuu wa Cape, tajiri wa almasi, na mnyang'anyi wa ardhi za watu kaskazini mwa mto Limpopo. Alimpa Baker nyumba yake ya Groote Schuur aifufue. Ikaungua mwaka 1896, akampa aijenge tena. Mwaka 1900 akamgharimia safari ya Italia, Ugiriki na Misri akaangalie jinsi watu wa kale walivyoijengea dola. Hebu fikiria msanifu mwenye umri wa miaka 38 anapewa zawadi kama hiyo. Alirudi na wazo ambalo halikumtoka maisha yake yote: kwamba jengo la utawala linapaswa kukaa juu ya kilima, lionekane toka mbali, na mawe yake yawaambie watu ni nani anayetawala. Rhodes alikufa mwaka 1902, na Baker ndiye aliyemjengea kumbukumbu yake kwenye mteremko wa mlima pale Cape Town. Sioni namna ya kumsoma Baker bila kusema waziwazi kwamba kipaji chake kilikuzwa kwa fedha za Rhodes, na kwamba hakuwahi kuzitilia shaka.

Vita vya Makaburu vilipomalizika, Alfred Milner, gavana wa Kiingereza, alimwita Johannesburg. Alijijengea nyumba huko Parktown mwaka 1902 na kuiita Stonehouse, nyumba ya mawe kweli kweli. Mawe yenyewe yalichimbwa kwenye kilima kile kile inaposimama nyumba. Tafuta picha yake uikuze uangalie ukuta. Utaona mawe hayakulazimishwa kufanana. Kila jiwe fundi mwashi amelichonga uso tu, akaliacha na rangi yake ya kutu na kijivu, kwa hiyo ukuta unaonekana kama mwamba ulioamua kunyooka. Matajiri wa dhahabu waliiona, wakataka za kwao. Nyumba za miaka hiyo ndizo ninazozipenda kuliko kazi zake zote, na ningekuwa mimi ndiye ninayeandika insha yako, nusu ya michoro yangu ingetoka Parktown.

Kisha ikaja Pretoria. Mwaka 1910 makoloni manne yaliunganishwa kuwa Muungano wa Afrika Kusini, na Baker akapewa kazi ya kujenga ofisi za serikali mpya. Wengine walitaka ziwe mjini, kwenye uwanja, kama ilivyo desturi. Yeye aliwapandisha kwenye kilima cha Meintjieskop. Juu pale palikuwa na bonde dogo kati ya vilele viwili, lenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Msanifu mwingine angelifukia. Baker alilitumia shimo hilo kuwa ukumbi wa wazi wenye ngazi, akaweka jengo moja refu kila upande, na akayaunganisha yote mawili kwa safu ya nguzo iliyopinda nusu duara. Upana wote ni mita 285. Watu 1,265 waliijenga kwa miaka mitatu, hadi mwaka 1913.

Nilipofika pale mara ya kwanza nilitembea toka bustani ya chini hadi kwenye nguzo, na nilielewa kitu ambacho picha haikunionyesha. Jengo halikai juu ya kilima, limekifuata. Kilima kinapoingia ndani, nalo linaingia. Kinaposhuka, bustani inashuka kwa matuta ya mawe, tuta baada ya tuta, kama mashamba ya milimani. Huo ndio usikivu ninaousema.

Lakini yale mabawa mawili na minara miwili yana maana, na maana hiyo Baker aliitaka: Waingereza na Makaburu, mataifa mawili, lugha mbili, sasa nchi moja. Waafrika, ambao ndio wengi, hawana mnara. Historia imelijibu jengo hilo kwa namna inayonigusa kila nikikumbuka. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 walipanda ngazi zile kupinga sheria ya vitambulisho vya kupitia, wakajaza ule ukumbi wa wazi. Na tarehe 10 Mei 1994 Nelson Mandela aliapishwa pale pale. Baker alichonga mahali pazuri mno pa watu kukusanyika. Hakujua anamchongea nani.

Sasa Delhi, na ugomvi. Desemba 1911 Mfalme George wa Tano alitangaza kwamba mji mkuu wa India utahama Calcutta uende Delhi. Lutyens alipewa Nyumba ya Mtawala, yaani ya mwakilishi wa mfalme. Mwaka 1913 Baker aliungana naye, apewe majengo mawili ya wizara na, baadaye, la bunge. Marafiki wa ujana wakakutana tena juu ya kilima kimoja, Raisina.

Mpango wa awali wa Lutyens ulikuwa nyumba yake ikae peke yake juu, mbele kabisa. Baker alishauri wizara nazo zipande, zikae mbele kulia na kushoto, na nyumba isogezwe nyuma, ili serikali yote iwe kwenye jukwaa moja kama ngome za Ugiriki alizoziona. Lutyens alikubali, na sahihi yake iko kwenye makubaliano ya 1913. Barabara ya kupandia kati ya zile wizara mbili ikapangiwa mteremko wa 1 kwa 22.5: kila hatua ishirini na mbili na nusu unazokwenda mbele, umepanda hatua moja.

Ubaya wake ni rahisi kuuelewa ukiufanya kwa mkono. Weka kikombe katikati ya meza, mbali na ukingo. Chutama mpaka jicho lako liwe chini kidogo ya usawa wa meza. Kikombe kinamezwa na ukingo, unabaki kuona mdomo wake tu. Rudi nyuma hatua kadhaa bila kuinuka, nacho kinaanza kuchomoza tena. Ndivyo ilivyo Raisina. Ukiwa mbali kwenye ile barabara kuu unaiona nyumba. Ukifika chini ya mteremko, mahali ambapo ingepaswa kukujaa machoni, inazama na kubaki kuba. Lutyens alilitambua jambo hilo kazi ikiwa imeshaanza. Alitaka mteremko uchimbwe upya uwe mrefu na wa taratibu, akalalamika kwa kila mwenye cheo. Baker alikataa kumwunga mkono, na kamati ikasema gharama ni kubwa. Lutyens alisema amekutana na Bakerloo yake: ni mchezo wa maneno, jina la Baker limeunganishwa na Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon, na papo hapo ni jina la njia ya treni ya chini ya ardhi mjini London. Miaka ikapita hawasemezani.

Nani alikuwa na haki? Mimi husema Lutyens alikuwa na haki ya macho, Baker alikuwa na haki ya maandishi. Karatasi ilishatiwa sahihi. Ila msanifu anayeoneshwa kosa kabla zege halijakauka, kisha akajificha nyuma ya karatasi, amesahau kazi yake. Hili nalisema nikimpenda Baker.

Majengo yenyewe ya wizara yana mengi ya kujifunza kwa mtu wa pwani kama wewe. Jua la Delhi ni kali, kwa hiyo aliazima kwa mafundi wa India ile chajja, bamba la jiwe linalotokeza nje ya ukuta kama ukingo wa kofia na kutupa kivuli kirefu chini yake. Aliazima na jali, jiwe lililotobolewa kama kimia, upepo unapita na mwanga unachujwa. Sehemu ya chini ya kuta ni jiwe jekundu, ya juu ni la rangi ya maziwa. Mahali alipofuata hewa na jua amefaulu. Mahali alipobandika tembo na maua ya yungiyungi ili jengo lionekane la Kihindi, unaona mtu anayeongea lugha asiyoijua vizuri. Na juu ya lango la jengo la kaskazini yamechongwa maneno haya, nayaweka kwa Kiswahili changu: uhuru hauwashukii watu, watu wenyewe hujiinua kuufikia, ni baraka ambayo lazima istahiliwe kabla haijafaidiwa. Maneno hayo waliandikiwa watu ambao nchi ni yao. Yaandike kwenye insha yako, hayahitaji maelezo.

Lile jengo la bunge, lenye umbo la duara na nguzo 144 kulizunguka, lilifunguliwa Januari 1927. Umbo la duara lilitokana na shinikizo la Lutyens. Baker alikuwa anataka mabawa matatu. Humo ndimo India ilipopokelea uhuru wake usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Agosti 1947.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaendelea, mwaka 1917, iliundwa tume ya kifalme ya makaburi ya vita, na Baker, Lutyens na Reginald Blomfield wakawa wasanifu wake wakuu. Nenda Tyne Cot, Ubelgiji, walau kwa picha. Kuna makaburi karibu 12,000, na ukuta wenye majina karibu 35,000 ya waliopotea bila kaburi. Katikati palikuwa na handaki la zege la Wajerumani. Mfalme alipotembelea mwaka 1922 alipendekeza lisibomolewe, na Baker akausimamisha msalaba juu yake kwa ngazi za mawe meupe. Lakini kwenye uso mmoja wa kitako aliacha tundu, likazungushiwa taji la shaba, na ndani yake unaliona zege lenyewe la vita, la kijivu, lenye makwaruzo. Unaweza kuligusa. Sijui jambo dogo zuri kuliko hilo katika kazi zake zote.

Kwa Wahindi alijenga ukumbusho wa Neuve-Chapelle, Ufaransa, uliofunguliwa 1927, majina zaidi ya 4,700. Nalitaja hili kwa sababu sisi tuna la kuuliza. Wapagazi wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita hiyo hiyo, wale walioziachia Dar es Salaam jina la Kariakoo na Nairobi jina la Kariokor, hawakuandikwa mmoja mmoja. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika hawakukumbukwa kwa majina. Huo haukuwa uamuzi wa Baker. Lakini mwanafunzi wa Mombasa anayesifu ukuta wa majina wa Tyne Cot ana haki ya kusimama kidogo na kuwataja wasio na ukuta.

Na sasa binamu yako. Benki ya Uingereza ilikuwa kazi ya maisha ya Sir John Soane, miaka 45, toka 1788 hadi 1833. Ukuta wa nje hauna madirisha, kwa ajili ya wezi na ghasia, kwa hiyo Soane alileta mwanga kutoka juu, kupitia kuba na vioo, kumbi moja baada ya nyingine, kila moja na mwanga wake. Baada ya vita Benki ilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko nafasi. Baker ndiye aliyepewa kazi ya kuijenga upya, ujenzi ukaanza mwaka 1925, ukachukua hadi 1939. Alianza akitaka kuziokoa zile kumbi za pembeni na kupandisha jengo jipya katikati. Hatua kwa hatua aliachia, mpaka kilichosalia cha Soane kikawa ule ukuta wa nje, na ndani yake orofa saba juu ya ardhi na tatu chini. Baadhi ya kumbi alizijenga upya kwa kuzibadili, akiamini kwa moyo mweupe kwamba anamheshimu Soane. Mwanahistoria Nikolaus Pevsner aliliita tendo hilo jinai. Na mwaka 1988, Benki ilipofungua makumbusho yake, ilibidi ijenge upya ukumbi mmoja wa Soane ili watu wajue ulivyokuwa. Hapa simtetei. Mtu aliyejifunza kupima nyumba za chokaa za Cape wakati wengine wanazidharau alipaswa kuwa wa kwanza kumwambia mteja wake: hapana, tafuteni kiwanja kingine.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1926, na mwaka 1927 nishani ya dhahabu ya taasisi ya wasanifu wa Uingereza. Alifariki tarehe 4 Februari 1946 huko huko Owletts alikozaliwa. Majivu yake yako Westminster Abbey.

Tunarudi kwetu. Kazi zake za Kenya unazoweza kuziandika bila wasiwasi ni Ikulu ya Nairobi, Ikulu ya Mombasa kule upande wa Lighthouse, na iliyokuwa Prince of Wales School, iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo leo ni Nairobi School. Mbili za kwanza huwezi kuingia na futi kamba, na kamera usiitoe kabisa. Shule ndiyo iendee. Omba ruhusa kwa mkuu wa shule kwa barua ya chuo, mapema.

Ukifika usianze na nguzo, zitakuvuta kupiga picha tu. Pima kina cha baraza, toka ukutani hadi ukingo wa kivuli, saa nne, saa saba na saa kumi. Pima unene wa ukuta dirishani. Angalia upepo unaingilia wapi na unatokea wapi. Halafu rudi nyumbani Mombasa, uchague nyumba moja ya matumbawe na boriti pale Mji wa Kale, upime vitu hivyo hivyo kwa saa zile zile. Weka safu mbili za vipimo ubavu kwa ubavu kwenye ukurasa mmoja. Kama Baker alisikiliza hewa ya Nairobi kama alivyosikiliza kilima cha Pretoria, namba zitasema, na kama alituletea ramani ya Delhi akaipunguza ukubwa, nazo zitasema. Ukishavipata, niandikie tena na uviambatishe.